Mkataba wa Castory na Nafasi Niliyoiacha Tupu

Siku yangu ya kwanza kazini, kabla sijaonyeshwa hata kiti cha kukalia, Katibu Mkuu wa timu alinitandazia mezani fomu mbili za usajili. Kila moja ilikuwa na picha ndogo ya kijana. Mmoja aliitwa Fidelis, mzaliwa wa Ifakara. Mwingine aliitwa Salumu, mzaliwa wa Malinyi.

"Mama Perpetua, unaona nini hapo?"

"Naona vijana wawili."

"Tazama masikio."

Nikatazama. Nywele zilikuwa tofauti na mashati tofauti, lakini masikio yalikuwa ya mtu mmoja. Kijana huyo alikuwa amejisajili timu mbili kwa majina mawili, akisubiri kuona ipi itamtunza vizuri zaidi.

"Mchezaji akikuambia hana timu, usimwamini," Katibu Mkuu alisema. "Timu ikikuambia mchezaji ni wake, usiiamini pia. Amini karatasi. Na hata hiyo karatasi, iulize imetoka wapi."

Hivyo ndivyo nilivyoingia kazi ya mpira wa miguu, mimi ambaye sijawahi kupiga mpira hata mmoja. Nilikuwa nimetoka kwenye ukarani wa ushirika wa mpunga, na nilichokijua ni kuchapa barua na kutunza majalada. Timu yetu ya mji ilikuwa imepanda kutoka ligi ya mkoa, na huko juu ilikokwenda, mchezaji hachezi kwa kupeana mikono. Anacheza kwa mkataba.

Vijana wa sasa mnaona mchezaji akipigwa picha ameshika jezi, mnadhani usajili umekwisha. Haujaanza. Katika wakati wetu, na hata leo, mchezaji mwenye mkataba unaoendelea hawezi kuhama mpaka timu yake impe barua ya kuachiwa. Mkataba ukiisha muda wake, anakuwa mchezaji huru, anakwenda anakotaka. Kwa hiyo katika kurasa zote zile, mstari unaogombaniwa zaidi ni ule wa muda. Mwaka mmoja au mitatu, hapo ndipo maisha ya kijana yanapofungwa au kufunguliwa. Na usajili wenyewe una msimu wake, tunauita dirisha. Dirisha likifungwa, hata ukiwa na kipaji cha namna gani, utakaa nje utazame wenzako.

Katibu Mkuu alinifundisha kila kitu kwa kushuku. Mchezaji akisaini, ahakikishe ameweka kifupi cha jina lake kwenye kila ukurasa, ili ukurasa usije ukabadilishwa. Nafasi isiyojazwa ipigwe mstari. Nakala moja aondoke nayo mchezaji siku hiyohiyo, siyo kesho. Nilimwona mzee mgumu. Macho yake yalipoharibika kwa kisukari akastaafu, mimi ndiye niliyekalia kiti chake.

Mwaka huohuo tukapata Mwenyekiti mpya, mwenye mashine ya kukoboa mpunga. Alikuwa mkarimu, mchangamfu, na mtu wa haraka. Ukimpelekea karatasi asome, alikuwa akisema, "Mama Katibu, mpira ni leo, makaratasi ni kesho."

Castory alikuwa beki wetu wa kushoto, kijana wa Mkula, mpole, asiyesema mpaka aulizwe. Msimu wa kilimo ulikuwa ukimkuta shambani kwa mama yake alfajiri, na jioni mazoezini. Siku ya mwisho ya dirisha aliitwa ofisini kusaini mkataba mpya. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, mtandao wa kutuma majina ya usajili ulikuwa unasuasua, na Mwenyekiti alikuwa mlangoni na funguo za gari mkononi.

"Wamesema mwaka mmoja," Castory aliniambia. "Kocha na Mwenyekiti, wote."

Fomu ilikuwa na nafasi tupu ya kujaza muda. Niliinua kalamu. Mwenyekiti akanizuia.

"Acha hiyo, nitakaa na kocha tuangalie na vipengele vingine. Yeye asaini tu, sisi tutajaza. Si tumekwishakubaliana?"

Nilijua haifai. Mikono yangu yenyewe ilijua. Lakini niliona saa, nikaona uso wa bosi wangu, nikamsogezea Castory kalamu. Akasaini, akaweka kifupi cha jina lake kila ukurasa, nami nikasaini chini yake kama shahidi. Alipoomba nakala, Mwenyekiti alimwambia atapewa ikishagongwa muhuri. Jioni ile jina lake likatumwa kwa mtandao, na mkataba wenyewe nikaufungia kabatini usubiri kujazwa.

Kesho yake asubuhi nilipigiwa simu kwamba mama yangu amefariki Mahenge. Nikaenda kuzika, nikakaa wiki nzima. Niliporudi jalada la Castory lilikuwa kabatini, na nakala ya mkataba ilikuwa imeshatumwa shirikisho la mpira. Sikulifungua. Nilijiambia nina msiba.

Msimu ukaisha. Castory alikuwa amecheza vizuri hata timu moja ya Ligi Kuu ikamtaka. Akaja ofisini ameshika kofia, akisema mkataba wake umekwisha, anaomba baraka tu aende. Mwenyekiti akacheka, akamwambia bado ana miaka miwili.

Nataka niseme ukweli: wa kwanza niliyemshuku alikuwa Castory. Niliwahi kuona wachezaji wengi wakisahau walichosaini mara tu jiji linapowaita. Nikajua wakala fulani amemjaza maneno. Nikafungua kabati ili nimwonyeshe ushahidi.

Kwenye nafasi niliyoiacha tupu, kwa herufi kubwa na wino wa buluu, palikuwa pameandikwa MIAKA MITATU. Chini yake saini ya Castory. Chini ya saini ya Castory, yangu.

Kabati lile lilikuwa na funguo mbili. Mmoja nilikwenda nao Mahenge. Wa pili ulikuwa kwa Mwenyekiti. Mpaka leo sijui ni mkono upi ulioandika, wake au wa kocha au wa mtu mwingine aliyepewa ufunguo, na herufi kubwa hazina mwandiko. Kuanzia siku ile nikawa nawatazama wote ofisini kwa jicho la pembeni. Kocha akinisalimia, nashuku salamu. Meneja wa timu akiniletea soda, nashuku soda. Nilimshuku kila mtu isipokuwa aliyesogeza kalamu.

Castory aliacha kuja mazoezini. Timu ikamshtaki kwa utoro kwenye kamati inayoamua migogoro ya wachezaji, huko Dar es Salaam. Kosa hilo likithibitika, mchezaji anaweza kufungiwa asicheze popote.

Wiki moja baadaye mama yake alikuja ofisini. Alikuwa ametoka Mkula kwa basi la asubuhi, amevaa kitenge cha kanisani, vumbi limemjaa miguuni. Ni mkubwa kwangu kwa miaka kadhaa, nikampa shikamoo, akaitikia, akakaa.

"Mama Katibu, mimi sikusoma," alisema. "Nimekuja kuuliza jambo moja tu. Mwanangu ni mwongo?"

"Mkataba unasema miaka mitatu, mama."

"Sijauliza mkataba. Nimekuuliza wewe. Wewe ulikuwepo."

Nje bodaboda zilikuwa zikipiga honi. Nilitazama mikono yangu. Kama ningesema, ningekuwa nimesema pia kwamba mimi katibu, shahidi, niliwekea saini karatasi yenye pengo. Nani angeniajiri tena?

"Tusubiri kamati," nilimjibu.

Kisha akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu aliyepata jibu. "Basi nimeelewa," akasema. "Kama ni mwongo nitamleta aombe radhi. Sikumlea hivyo."

Nilidhani ni maneno ya uchungu tu. Baada ya siku tatu Castory alisimama mlangoni kwangu, hakuingia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Mama kasema nije niombe radhi." Alikuwa anaangalia sakafu. "Nimefikiria sana. Labda nilisikia vibaya siku ile. Labda walisema mitatu."

Nimefanya kazi na watu waongo miaka mingi, na nimeshadanganywa kwa machozi na kwa Biblia. Lakini sijaona kitu kibaya kama kijana mkweli anayeanza kujishuku mwenyewe kwa sababu mtu mzima amekaa kimya. Nilitaka kumwambia pale pale. Nilisema tu, "Nenda mwanangu, tutaonana Dar." Akaondoka akiamini nimemsamehe.

Tulisafiri kwa gari la Mwenyekiti. Alikuwa mchangamfu njia nzima, akininunulia mahindi ya kuchoma na kuniuliza habari za wanangu. Tulipokaribia jiji akapunguza redio.

"Wewe hutaulizwa mengi," alisema. "Watakuuliza kama saini ni yake. Saini si yake?"

"Ni yake."

"Na ya chini si yako?"

"Ni yangu."

"Basi. Hakuna anayekutuma useme uongo."

Na kweli, ilikuwa hivyo. Wajumbe wa kamati walikaa upande mmoja wa meza ndefu. Castory alikaa peke yake upande wa pili, hana wakili, amevaa shati la kuazima lililompwaya mabegani. Mwenyekiti wa kamati, mwanasheria mwenye sauti ya chini, akanionyesha ukurasa.

"Hii ni saini ya mchezaji?"

"Ndiyo."

"Aliiweka mbele yako, bila kulazimishwa?"

"Ndiyo."

"Asante mama. Unaweza kukaa."

Nilikwenda mpaka kwenye kiti. Nilishika mgongo wa kiti. Mwenyekiti wetu alikuwa ameshaanza kukunja karatasi zake. Sikukaa.

"Mheshimiwa, kuna jambo hamkuniuliza."

"Lipi?"

"Hamkuniuliza kama yale maneno yalikuwepo. Alipokuwa anasaini, pale palikuwa patupu. Alisema ameambiwa mwaka mmoja, na hakuna aliyembishia. Mimi ndiye niliyempa kalamu. Nakala hakupewa. Nami nikasaini ushuhuda wa kitu ambacho hakikuwa kimeandikwa."

Mwanasheria aliniuliza kama nafahamu ninachosema juu ya kazi yangu mwenyewe. Nikasema nafahamu. Nilipogeuka, Castory alikuwa ananitazama. Nilitegemea kuona shukrani. Haikuwepo. Alikuwa ananitazama kama mtu anayehesabu siku alizoamini kwamba yeye ndiye mwongo.

Kamati iliamua kwamba mkataba ulikuwa wa mwaka mmoja na umekwisha, na shtaka la utoro likafutwa. Akawa mchezaji huru. Lakini uamuzi ulitoka dirisha likiwa limefungwa. Ile timu ya Ligi Kuu ilikuwa imeshapata beki mwingine, na haikumwita tena. Alikwenda kucheza timu ndogo ya Songea, akacheza misimu michache, goti likamrudisha nyumbani.

Wakati wa kurudi Mwenyekiti aliendesha redio ikiwa imezimwa mpaka Mikumi. Pale akaegesha kando ya barabara, akashusha begi langu mwenyewe, kwa adabu kabisa.

"Kuanzia hapa utatafuta basi, mama."

Barua ya kuachishwa kazi ilinikuta nyumbani. Sikuipinga. Baadaye uongozi wa timu moja ya wanawake uliniajiri nitunze usajili wao, wakisema wanataka mtu mwenye roho ngumu kidogo. Huko nilikaa mpaka nilipostaafu, na hakuna binti aliyeondoka mezani kwangu bila nakala yake. Wengine walinichukia. Mwenyekiti wao mmoja aliniambia naendesha ofisi kama kituo cha polisi. Nilimshukuru.

Sasa nakaa Kibaoni, nafuga kuku na kusoma mikataba ya watu, wachezaji kwa makocha, bila malipo. Nimekuwa nikiwaza kuhusu kushuku. Nilifundishwa kwamba ni silaha ya kazi, na ni kweli. Lakini kushuku wengine ni rahisi, kunampa mtu raha ya kujiona msafi. Mimi nilikagua masikio ya Fidelis na Salumu, nikashuku soda na salamu, na katika siku zote zile sikuwahi kujiweka mwenyewe kwenye orodha.

Mwaka huu, mvua zilipoanza kukatika, pikipiki ilisimama mbele ya nyumba yangu. Akateremka Castory, mwanaume mzima sasa, anachechemea kidogo. Shule moja ilitaka kumwajiri awe kocha wa timu yao. Alinisalimia, hakuuliza habari za miaka yote ile, akatoa karatasi kutoka kwenye bahasha.

"Naomba unisomee, mama."

Nilimsomea yote kwa sauti, kila kipengele, nikamweleza wapi aulize na wapi akatae. Nilipomaliza nikamwambia mkataba ni mzuri, asaini tu.

Hakusaini. Alinyoosha mkono.

"Nipe na mimi nisome."

Alianza upya kutoka mstari wa kwanza, kidole chake kikitembea chini ya kila neno nililokwisha kumsomea, akigeuza ukurasa kuangalia nyuma yake, akirudi, akilinganisha. Ilimchukua karibu saa nzima. Nilikaa pembeni yake, na sikumharakisha.