Mkono Kutoka Dirisha la Lori

Nilijiunga na darasa la karate hapa Malaba baada ya kumaliza chuo, kwa sababu sikuwa na kazi na nilitaka mahali pa kupumzisha kichwa. Hakikupumzika. Tunafanyia mazoezi kwenye ukumbi wa kanisa, na desturi yetu ni kuketi sakafuni mwishoni ili tujadili tulichojifunza. Hapo kwenye mjadala ndipo mimi hupotea.

Jumamosi moja nilimleta binamu yangu. Yeye huuza mayai ya kuchemsha kwa madereva wanaosubiri kuvuka kuingia Uganda. Wiki hiyo dereva mmoja alimshika mkono kupitia dirishani na kukataa kuuachilia, huku akicheka, mpaka foleni iliposogea. Jumatatu binamu alipaswa kurudi kwenye malori, na alikuja na swali moja tu: akishikwa tena, afanye nini?

"Kanuni ni moja, dada," mwalimu alisema. "Usishindane na nguvu. Mtu akikuvuta, mfuate."

"Nimfuate mpaka ndani ya lori?"

Tulicheka, mwalimu pia. Mwenzetu mmoja, mlinzi wa ghala la mahindi, hakucheka.

"Mwalimu, huyu anataka mbinu, si mahubiri. Dada, mkono wa mtu uko na mlango, hapa kwa dole gumba. Zungusha, utokee hapo."

"Na akishikwa vingine utampa mbinu nyingine?" mwalimu akauliza. "Utampa ngapi, boss?"

"Bora hizo. Wewe unamwambia mtu anayezama ati maji ni laini."

Kila mmoja alipozungumza niliona amesema kweli, na mwingine alipojibu nikaona nimedanganyika. Nilitaka kusema kwamba labda mbinu ni kanuni iliyopewa vidole. Kabla sijafungua mdomo nikagundua kwamba sijui maana ya maneno hayo.

Binamu alijaribu mbinu ya mlinzi. Alichomoka bila shida, akajaribu tena, akachomoka. Halafu akasimama akiutazama mkono wake.

"Lakini mimi sisimami hivi."

Alichukua beseni jikoni mwa kanisa, akajitwika, akalishika kwa mkono wa kushoto. Akamwambia mlinzi apande juu ya meza, kisha akanyoosha mkono wa kulia juu kama mtu anayempa dereva yai. Mlinzi aliukamata na kuvuta. Binamu akabaki amesimama kwa ncha za vidole vya miguu, akazungusha pale alipofundishwa, akakutana na vidole vinne badala ya dole gumba. Beseni likaanguka.

Muda wote huo darasani tulikuwa tukishikana ana kwa ana, kama watu wanaosalimiana.

"Umeona?" mwalimu akamwambia mlinzi. "Mbinu yako imekufa."

"Na kanuni yako inasemaje?"

Mwalimu alifikiri, akasogeza benchi karibu na meza. "Lori huwa na kidato cha kupandia. Akivuta, panda. Mfuate."

Binamu alipanda. Mkono wa mlinzi ukajikunja, nguvu ikapungua, dole gumba likajitokeza. Akazungusha, akatoka, na beseni likabaki kichwani.

Nilidhani mjadala umeisha. Kumbe ndio ulianza, kuhusu kilichomwokoa ni cha nani, mwalimu au mlinzi. Nilirudi nyumbani nikiwa na hofu zaidi, kwa sababu sasa alikuwa na mambo mawili ya kukumbuka, na mimi nikiwa na mambo mawili hushindwa na yote.

Alhamisi dereva yuleyule alimshika. Binamu alirudi nyumbani na beseni lake, mayai yamebaki machache, uso umetulia.

"Ulianza na kipi?" nikamuuliza. "Ulimfuata kwanza, au ulizungusha kwanza?"

"Sijui."

"Jaribu kukumbuka. Ni muhimu."

"Kwa nani?" Akavuta meza ya chakula katikati ya chumba. "Panda. Nishike."

Nilipanda, nikamkamata mkono kwa nguvu, nikakaza macho nione ni kipi kitatangulia. Vidole vyangu vikabaki vimeshika hewa.

"Umeona?"

Sikuwa nimeona. Nikamwomba arudie, polepole.

"Polepole haitoki," akasema, na kwenda kuosha beseni.