Mtumaji wa Bandia

"Hivi mama, ni kweli huyo binti yenu analipwa kutengeneza vitu vya bandia?" jirani aliniuliza siku moja tukianika nguo. Nikamjibu ni kweli, tena ni kazi halali.

Ni mtoto wa marehemu dada yangu, nimemlea mimi. Anaandika programu kwa lugha ya kompyuta iitwayo Ruby. Mojawapo huwatumia wagonjwa wa figo ujumbe wa simu siku yao ya kusafishwa damu ikibadilika. Sasa, huwezi kuijaribu kwa kuwasumbua wagonjwa kila saa. Kwa hiyo kwenye majaribio huweka mtumaji wa bandia, kipande cha programu kinachojifanya kimetuma. Jaribio likifaulu huonekana kijani, likishindwa jekundu.

"Ubaya wake, mama mdogo, huyu wa bandia ni bwana ndiyo," aliniambia. "Mwagize hata jambo ambalo mtumaji wa kweli, yule wa kampuni ya simu, halijui, ataitikia tu."

Basi akamwongezea akili: kabla ya kuitikia, amtazame wa kweli, agizo lisipokuwepo kule, agome.

Mwezi uliopita kampuni ya simu ikabadilisha maagizo yake. Wa bandia akagoma, majaribio yakawa mekundu. Mkubwa wake kazini, wenzake humwita Bwana Kijani, akaja juu.

"Kesho tunakabidhi programu hospitalini, wewe unaniletea wekundu?"

Akaifuta ile nyongeza kwa mkono wake mwenyewe. Kijani kikarudi, wakakabidhi.

Hautoki ujumbe hata mmoja, maana programu bado ilitumia maagizo ya zamani! Mzee mmoja siku yake ilibadilishwa ikawa mapema zaidi, hakujua. Alipofika siku ile ya zamani, mashine zilikuwa zinatengenezwa. Mpaka sasa amelazwa, miguu imevimba, anavuta pumzi kwa shida.

Halafu Bwana Kijani, bila hata haya usoni, anamtaka binti yangu awaambie madaktari kwamba aliyekosea ni yeye binti! Mimi ni mtu wa sala, sipendi ugomvi, lakini siku hiyo nilipiga magoti nikamshtaki kwa Mungu.

"Kubali tu yaishe," mwenzake wa kazini alimshauri binti. "Si maneno tu?"

"Maneno tu? Kamwambie hivyo yule mzee wodini!"

Juzi alisimama mbele ya madaktari, akaeleza kilichofutwa na aliyekifuta, huku Bwana Kijani akitazama viatu vyake. Daktari mkuu akamuuliza binti anataka nini.

"Naomba nyongeza yangu irudishwe, na programu isiwashwe mpaka ifaulu nayo ikiwa ndani. Kwa sasa, wagonjwa wapigiwe simu mmoja mmoja."