Mwaka Mwalimu Alipomketisha Tonton Benchini

Jumapili iliyopita, baada ya misa, nilikuwa nimeketi sebuleni kwangu, huku mtaa wa Nguba, nikichambua maharagi kwenye sinia. Wanangu wawili walikuwa wameinamia simu moja wakitazama mpira wa Ulaya, na punde wakaanza kugombana. Kocha fulani alikuwa amemwacha nje mchezaji wake bora, akisema ana jeraha la paja. Mkubwa hakukubali. "Ule kocha ni muongo," alisema. "Muchezaji eko muzima kabisa. Iko kitu banaficha." Mdogo wake akasema wa kufukuzwa si kocha bali ni yule mkubwa wa klabu aliyemsajili mtu mgonjwa akawaacha wazima. Mimi nilicheka kidogo, kisha nikarudia maharagi yangu. Maneno hayo, "iko kitu banaficha", yaani kuna kitu wanaficha, niliyasikia kiangazi kizima nilipokuwa msichana wa darasa la tano kule mtaa wa Kadutu, na yalifanya kazi ambayo hayakupaswa kufanya.

Wewe uliyekulia Kadutu unakijua kiangazi chake. Vumbi jekundu liliingia mpaka ndani ya chumvi. Mabomba yalikauka, na sisi wasichana tulipanga bidoni zetu, madumu ya maji, tangu alfajiri, tukazikalia, tukasikiliza kengele ya parokia na redio za majirani zikipigiana kelele. Nyumbani kwetu aliyetawala ni nyanya yangu, mama yake mama, ambaye wote tulimwita Koko. Alipika maharagi kwenye mbabula, jiko letu la makaa, kuanzia asubuhi hadi mchana, na sambaza, dagaa wa ziwani, alizikaanga mlango ukiwa wazi, hivi kwamba kila apitaye alijua tunakula nini. Koko hakuamini jambo lolote mara ya kwanza. Ukimwambia maji yamerudi, alitoka kuyaangalia. "Moshi haitokake bule," alikuwa akisema, na alisema hivyo hata pale pasipo na moshi.

Mtoto wake wa mwisho, mjomba wangu, niliyemwita Tonton, alikuwa mshambuliaji. Nikisema mshambuliaji, usidhani ni wa kubahatisha. Alipokimbia na mpira, wanawake waliokuwa wakirudi sokoni walitua vikapu vyao. Ilisemekana klabu kubwa ya mjini imemtupia jicho, na kwamba watu wake watakuja kumtazama kiangazi hicho hicho. Kwa Koko hilo lilikuwa tumaini la nyumba nzima, ingawa mdomoni alisema mpira ni kazi ya watu wasio na mashamba.

Kila kiangazi, kabla shule hazijafungwa, parokia iliandaa mashindano ya mitaa. Vijana wote walikusanyika uwanjani, na maprezida wa timu, yaani wazee waliosimamia kila timu, walisimama mbele yao na kuita kwa zamu. Huyu anaita mmoja, yule anaita mmoja, mpaka vijana wanaisha. Kuitwa wa kwanza ilikuwa heshima ambayo mtu alitembea nayo mwaka mzima. Kuliko kuitwa wa mwisho, heri kuugua. Prezida wetu alikuwa mwalimu wangu wa darasa la tano, mtu mwembamba mwenye koti la kahawia na maneno machache, ambaye aliwafundisha kusoma nusu ya vijana waliokuwa pale, Tonton akiwemo.

Kabla ya mashindano timu ilipanda lori ikaenda Kamanyola kucheza mchezo wa kujipima. Kule bondeni jua linapiga tofauti na huku kwetu mlimani, na uwanja wao ulikuwa mgumu kama sakafu. Tonton alirudi akichechemea. Goti la kulia lilikuwa limevimba kama papai. Alisema amelipinda kidogo tu. Nilimchemshia maji ya chumvi na majani ya mkalitusi, Koko akamkanda na mafuta ya ng'ombe huku akimwuliza nani alimgusa, nani alimpa maji ya kunywa, nani alikaa nyuma yake kwenye lori. Baada ya wiki mbili hivi Tonton alikuwa anatembea sawasawa. Akaruka mbele yetu uani, akacheka, akasema, "Munaona? Iko bien." Tukaamini. Hata Koko aliamini, na hiyo si habari ndogo.

Siku ya kuitwa, Mwalimu alipata zamu ya kwanza. Palikuwa na kipa mrefu kutoka Mumosho ambaye kila mtu alimtamani, maana timu yetu haikuwa na kipa. Mwalimu alimtazama kipa, akamtazama Tonton, akamwita Tonton. Watu wetu walipiga makofi. Timu ya mtaa wa Bagira ikamchukua kipa. Mimi nilikimbia nyumbani kumpa Koko habari, naye akatupa chumvi mara mbili kwenye sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, kwa furaha.

Basi Jumapili ya mchezo wa kwanza ikafika, na Tonton akaketi benchini. Tulidhani ni ujanja, ataingizwa kipindi cha pili. Hakuingizwa. Tulifungwa. Mwalimu alikunja koti lake mkononi akaenda zake nyumbani, bila kueleza chochote.

Hapo ndipo mtaa ulipoanza kunong'ona. Kituo kikuu cha mabishano kilikuwa baraza la jirani yetu, mzee aliyekuwa na televisheni na sauti kubwa, ambaye wanaume walikwenda kwake kila jioni kunywa kasiksi, pombe ya ndizi. Ukuta wake ulitugawia kivuli na maneno yote. Nikiwa naosha sahani nilisikia kila nadharia. Mmoja alisema Mwalimu alimwita Tonton ili asiitwe na wengine, halafu amuozeshe pale benchini. Mwingine alisema ni chuki ya zamani, kwamba Tonton alimtukana shuleni. Wa tatu alisema mwanafunzi mmoja kutoka Walungu, aliyepewa nafasi ya Tonton, ni ndugu wa mke wa Mwalimu.

"Muntu anaita muchezaji wa kwanza, halafu anamukalisha chini?" sauti ya jirani ilipasua jioni. "Ao Mwalimu ni mujinga, ao anatuuza. Na miye najua haiko mujinga."

Bomba la maji nalo lilikuwa na bunge lake. Wanawake walinitazama kwa sababu nilikuwa darasani kwa Mwalimu. "Weye mutoto, Mwalimu wako anasemaka nini?" Hakuwa akisema kitu. Lakini mashaka hayahitaji kulishwa sana. Koko alianza kunusa viatu vya Tonton akitafuta dawa za uchawi. Alivinyunyizia maji ya baraka. Mke wa Mwalimu alipotuletea ndizi za kuiva, kama alivyofanya kila kiangazi, Koko alizipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akazifukia nyuma ya choo. Mimi niliziona zikifukiwa na mate yakanijaa mdomoni.

Aliyeshangaza ni Tonton mwenyewe. Watu walipomhurumia, aliinamisha kichwa na kusema, "Prezida anajua kazi yake." Kila mtu aliona huo ni unyenyekevu, na hasira juu ya Mwalimu ikapanda zaidi.

Tulifungwa tena Jumapili iliyofuata, na yule kijana wa Walungu alikosa goli lililo wazi. Watu hawakungoja hata vumbi litulie. Walimzunguka Mwalimu pale pale kando ya uwanja, jirani akiwa mbele. Nilikuwa nimeshikwa mkono na Koko, na aliubana mpaka vidole vikauma.

"Mwalimu, tunakuheshimu," jirani alisema. "Lakini utuambie leo. Juu ya nini huyu kijana hachezi?"

"Nilichagua miye," Mwalimu alisema. "Kama ni kosa, ni yangu."

"Iko mugonjwa?"

Mwalimu alimtazama Tonton. Wote tukamtazama Tonton.

"Sema weye mwenyewe," jirani akamwambia. "Unaumwa?"

Nakumbuka upepo ukipeperusha karatasi uwanjani, na mtu mmoja akikohoa kwa sababu ya vumbi. Tonton alitazama nyuma ya watu, mahali ambapo wanaume wawili wasiojulikana, wenye mashati ya kola, walikuwa wamesimama. Ilisemekana ni wa ile klabu kubwa.

"Hapana, papa," alisema. "Miye niko muzima."

Mwalimu alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa tena. Kisha akatoa filimbi shingoni na funguo za ghala la mipira mfukoni, akampa jirani. Hakumlaumu mtu. Alipopita karibu nasi alimsalimu Koko, naye Koko akageuza uso. Hivyo ndivyo prezida wetu alivyofukuzwa, na mtaa ulikwenda kulala ukiwa umeridhika.

Jumapili ya tatu tulicheza na Bagira, wale wenye kipa wa Mumosho. Jirani, sasa prezida, alimpanga Tonton mbele. Watu waliimba tangu barabarani. Tonton alikuwa amekula kidogo sana asubuhi hiyo, kipande cha bugali na mchuzi, na alipovaa viatu niliona anafunga na kufungua kamba zile zile mara tatu. Koko alidhani ni furaha.

Alicheza vizuri mwanzoni, nisikufiche. Aligusa mpira mara chache na kila mara uwanja ulilia. Halafu mpira mrefu ukaja, akageuka kuukimbilia, na hakuna mtu aliyemgusa. Hakuna hata mmoja. Alianguka peke yake. Mlio aliotoa sikuwahi kuusikia kwa mtu mzima.

Koko aliingia uwanjani na viatu mkononi, akimwita Mungu kwa Mashi, lugha yetu, "Nyamuzinda! Nyamuzinda!" Mimi nilimfuata. Tulipofika, Mwalimu alikuwa ameshafika. Alikuwa amesimama upande wa pili na watazamaji, na mtu wa umri wake sijui alivukaje uwanja haraka vile. Alilikunja koti lake la kahawia akaliweka chini ya kichwa cha Tonton. Jirani akaja anapiga kelele, "Nani amemuroga? Mwalimu, weye unafanya nini hapa? Toka!" Na vijana wawili wakamshika Mwalimu mkono wamtoe.

"Mumuache!" Tonton alisema. Jasho na machozi vilikuwa vimechanganyika na vumbi usoni mwake. "Mumuache Mwalimu. Miye njo nilimuambia. Hii goti ilikufa tangu Kamanyola. Nilimuomba aniite wa kwanza juu batu basijue, halafu asinichezeshe mpaka ipone. Aliniambia nipumzike mwaka. Miye njo nilisema niko muzima. Miye."

Vijana wale wakamwachia Mwalimu mkono. Wale wenye mashati ya kola walikuwa tayari wanaelekea barabarani.

Tonton hakucheza tena. Madaktari walifanya walichoweza, na tangu hapo mguu wa kulia unachelewa nyuma ya wa kushoto. Mwalimu alikuja nyumbani siku chache baadaye na ndizi za kuiva. Safari hii Koko alizimenya mwenyewe, akala ya kwanza mbele yake, kisha akapiga magoti, mwanamke mzee vile, kumwomba msamaha. Mwalimu alimwinua. Akaketi kando ya kitanda. Tonton alikuwa ameelekeza uso ukutani.

"Nilijua utasema siku moja," Mwalimu alimwambia. "Niliomba tu isikuwe siku kama ile."

"Juu ya nini haukusema weye?" Tonton aliuliza, bado ameangalia ukuta.

"Goti haikukuwa yangu."

Walimwomba arudi kuwa prezida. Alikataa kwa adabu, akasema ana madaftari ya kusahihisha. Na usidhani mashaka yaliisha. Yalihama nyumba tu. Sasa ilikuwa zamu ya jirani. Waliokunywa kasiksi yake walisema alijua habari ya goti, kwamba alimtaka Tonton avunjike ili mtoto wake mwenyewe, mchezaji wa akiba, apate nafasi. Baraza lake likawa tupu jioni. Naye, kwa upande wake, mpaka alipohama mtaa alisema Mwalimu na Tonton walitunga hadithi yote ili wamwaibishe. "Muliona nyinyi hiyo goti kabla?" aliuliza kila aliyemsikiliza. Mimi niliiona, nami nilimchemshia maji yake. Hata hivyo kuna usiku ambapo najiuliza kama Mwalimu hakukosea kwa kunyamaza, kama neno moja pale kando ya uwanja lisingetosha kumbakizia Tonton mguu wake. Nimempenda mtu huyo maisha yangu yote na bado swali hilo halijaniacha.

Tonton anaishi Walungu sasa, anauza vipuri vya pikipiki, ana watoto wanaomshinda mbio zote. Hatuzungumzi mpira. Koko ametutoka, Mwalimu naye. Ule uwanja umejaa nyumba za mabati zilizobanana, na mashindano ya kiangazi hayapo tena. Nilipopita pale mwaka jana nilitafuta mahali lilipokuwa benchi letu, nikakuta mlango wa mtu, na mama mmoja aliyeniuliza kwa jicho la pembeni ninatafuta nini.

Niliwatazama wanangu na simu yao. Wanamhukumu mtu ambaye hawatakutana naye kamwe, na mchezo ukiisha wanamsahau. Sisi tulimhukumu mtu aliyenunua chumvi duka moja nasi. Jumatatu baada ya kumfukuza ilibidi niingie darasani mwake, nisimame pamoja na wengine, niseme, "Bonjour, Mwalimu," naye aniangalie machoni na kunijibu. Hiyo ndiyo sehemu ya mpira ambayo watoto wangu hawataijua, na sijui kama niwaonee huruma au wivu.