Mpiga Pasi Aliyefunza Wenzake Kufumba Macho

Saa mbili asubuhi mvuke umeshajaa ukumbini, na taa za darini zinaonekana kama miezi iliyopotea njia. Mpiga pasi mmoja ameshika pembe mbili za shuka la hoteli. Mwenzake ameshika pembe mbili nyingine. Wanalinyoosha, wanalilaza mbele ya mashine ya rola, na mashine inalimeza polepole.

“Msuli wa bega unaanzia wapi, Shangazi?” anauliza yule wa kwanza.

“Wangu unaanzia pale msimamizi anaposema mashuka bado,” anajibu mwenzake bila kugeuza uso.

Anayeuliza ni mwanamke wa miaka thelathini na minane, mrefu na mpole, ambaye kiwanda kizima cha dobi humwita Kocha. Alipewa jina hilo kwa dhihaka, siku alipotangaza kwamba amejiandikisha kusoma kozi ya awali ya michezo na mazoezi ya viungo kwa njia ya masafa. Anayemjibu si shangazi yake wa damu. Ni mpiga pasi mkongwe kuliko wote ukumbini, mwanamke mpana mwenye maneno mengi, na dhihaka ile ilitoka kinywani mwake.

“Nilimwambia, mwanangu, kukimbia tunakimbia hapa kila siku, cheti cha nini tena?” anakumbuka Shangazi. “Akaniambia hataki kukimbia. Anataka kujua kwa nini tunaumia.”

Swali hilo Kocha alilirithi nyumbani. Mama yake mzazi alikuwa dobi wa kufua kwa mikono. Uzeeni alishindwa kuinua mkono hata kujichana nywele, na binti ndiye aliyemsuka hadi mwisho wa maisha yake.

“Nilikuwa nikimsuka huku nikikisia mle begani kuna nini,” anasema. “Nilitaka siku moja nisikisie.”

Chuo chake kiko mji mwingine, naye hajawahi kukitia machoni. Ada hukatwa katika mshahara wake kila mwezi kabla hajauona. Kwa kuwa mtandao wa nyumbani kwake hushika na kuachia, duka la simu la jirani humpakulia masomo ya video na kumwekea katika simu. Jioni husogeza meza ya jikoni hadi ukutani, akaisimamisha simu juu ya kabati la vyombo, akaanza.

“Nilidhani nimeoa mke, kumbe nimeoa uwanja wa mpira,” husema mumewe, fundi wa kuchomelea vyuma, ambaye amezoea kula chakula chake akiwa amesimama mlangoni.

Somo alilolipenda Kocha kuliko yote lilikuwa la kupasha mwili moto. Mwalimu, mwanamume mtaratibu mwenye fulana ya kijani, huchuchumaa, huzungusha mabega, kisha huinua mikono na uso juu, hufumba macho na kunyamaza. Husimama hivyo kwa muda mrefu, mikono hewani, kama mtu anayesikiliza mvua inayonyesha mbali. Baadaye huendelea kana kwamba hakuna kilichotokea.

“Nikawaza, huyu amefika mahali,” anasema Kocha. “Nami nikapataka mahali hapo.”

Alilipeleka somo hilo kiwandani. Kila asubuhi, kabla ya mashine kuwashwa, wanawake tisa walivua viatu katikati ya marundo ya mashuka na kumfuata. Walipofika katika kituo kile cha kunyamaza, wote kumi waliinua mikono, wakafumba macho na kunyamaza, na ukumbi ukatulia hata likasikika tone la maji likidondoka katika beseni.

Msimamizi aliwaruhusu kwa sharti moja. “Mimi sina ugomvi na mikono juu,” aliwaambia. “Lakini mtu akiteguka, mwenye kiwanda nitamwambia nini? Kocha alete cheti. Asipoleta, nafasi hii inarudi kwa mashuka.”

Mtihani wa vitendo ulimtaka mwanafunzi ajirekodi akiongoza kundi. Kocha alijirekodi, akatuma, akangoja. Siku chache baadaye mwalimu mwenyewe alimpigia simu.

“Dada, unaongoza vizuri,” alisema. “Ila pale katikati mnapolala mmesimama, ni nini kile?”

“Ni kituo, mwalimu.”

“Kituo gani?”

“Kile chako. Unainua mikono, unafumba macho, unanyamaza.”

“Mimi sijafumba macho katika somo lile, dada yangu.”

Kocha alimrekodia kioo cha simu yake na kumtumia ushahidi. Mwalimu alicheka hadi akapaliwa. Kumbe video ilikuwa imeharibika ilipokuwa ikinakiliwa dukani. Picha na sauti viliganda mahali pamoja, wakati uleule mwalimu alipokuwa akipepesa macho. Kwa miezi mingi wanawake kumi wazima walikuwa wakiiga hitilafu.

“Nilitamani ile rola inimeze na mimi,” anasema Kocha, akiuficha uso kwa kiganja.

Kicheko cha mwalimu, hata hivyo, hakikumpa alama. Alimfelisha. “Kiongozi akifumba macho, anayeanguka atadakwa na nani?” alimwuliza. Akampa nafasi ya kurudia mara moja tu.

Kesho yake Kocha aliwaeleza wenzake yote. Wa kwanza kusema alikuwa Shangazi.

“Yaani siku zote hizi tumeiga kope za mwanamume wa watu.”

Walicheka hadi wengine wakakaa chini juu ya mashuka safi. Lakini Kocha aliposema kwamba kituo kile kitaondolewa, kicheko kilikatika.

“Toa kuruka,” Shangazi alisema. “Toa na kuchuchumaa. Kuchuchumaa hasa. Pale pabaki.”

“Pale ndipo mahali pekee katika siku yangu ambapo haniiti mtu,” aliongeza mama mmoja wa mapacha, kwa sauti ndogo.

Jioni Kocha alimpigia mwalimu na kumwomba kituo kibaki. Mwalimu alifikiri, kisha akamwambia kwamba kituo kinaweza kubaki, mradi kifupishwe, wanafunzi waambiwe faida yake, na kiongozi asifumbe macho.

Hivyo ndivyo walivyorekodi mara ya pili. Mikono ilipanda katika mwanga mweupe wa asubuhi, macho yakafumbwa, na Kocha, kwa mara ya kwanza, akawatazama.

“Sikuwa nimewahi kuwaona,” anasema. “Nimefanya nao kazi miaka yote hii, lakini mvuke huwa katikati yetu, na kila mtu anatazama shuka lake. Siku ile nyuso zilikuwa wazi. Yule mama wa mapacha alikuwa anatabasamu. Nilijiuliza yuko wapi.”

Ndipo alipomwona Shangazi akiyumba upande wa kushoto, taratibu, kama pazia linalosukumwa na upepo. Alipiga hatua mbili, akauweka mkono mgongoni pake.

“Nani?” Shangazi aliuliza bila kufumbua macho.

“Ni mimi.”

“Basi sawa.” Akabaki vilevile, mikono juu, uzito wake wote ukiegemea kiganja kile.

Matokeo yaliingia katika simu katikati ya kazi, shuka likiwa limeshaanza kumezwa na mashine. Simu ilitetemeka mfukoni mwa Kocha, naye akaachia pembe moja ya shuka ili aitoe.

“Shuka kwanza,” alisema Shangazi.

Walilipitisha, wakalipokea upande wa pili, wakalikunja pembe kwa pembe. Kisha Kocha akasoma. Alikuwa amefaulu. Mwalimu aliongeza sentensi moja chini ya alama zake: safari hii ulikuwapo.

Msimamizi aliikubali nakala ya cheti, akaigeuzageuza, akauliza kama naye anaweza kujiunga mstari wa nyuma, mahali asipoonekana sana.

Sasa Kocha anajiandaa kwa hatua ya pili ya masomo, inayohusu mazoezi ya wazee na ya watu waliochakazwa na kazi. Ndoto yake ni kupata chumba kikubwa chenye sakafu ya mbao, kwa ajili ya madobi, wapagazi na wote wanaosimama kutwa.

“Wawe wengi, hata nisiwajue majina,” anasema, akitazama mvuke unavyopanda darini. “Nikiwaambia wafumbe macho, wafumbe bila hofu. Mimi nitakuwa macho.”