Namba Iliyoganda

Mama Pindo alikuwa fundi cherehani, tena fundi kwelikweli. Sare za shule alizishona miaka ishirini na mitatu, na pindo zake hazikufumuka hata mtoto aparamie ukuta. Jina lenyewe lilitokana na hilo. Hakuwa mtu wa papara. Mteja akija juu kwamba suruali haijawa tayari, alimtazama tu juu ya miwani, mkanda wa kupimia ukining'inia shingoni, mpaka mteja mwenyewe akaomba radhi. Ukimuuliza mtu yeyote pale mtaani nani ana moyo mtulivu kuliko wote, angekutajia yeye.

Mumewe alikuwa mwalimu wa hesabu aliyestaafu, na watu wote walimwita Mwalimu, mkewe akiwamo. Alikuwa na kisukari cha kuchoma sindano, ugonjwa aliozeeka nao. Zamani sukari ikishuka alijijua mwenyewe: mikono ilimtetemeka, kijasho chembamba kikamtoka, akatafuta kitu kitamu na mambo yakaisha. Lakini miaka ilivyosogea mwili wake uliacha kumpa habari. Sukari ilishuka kimyakimya, na dalili ya kwanza ikawa ni yeye kuzungumza mambo yasiyo na kichwa wala miguu.

Daktari akambandika kidude mkononi, cha duara, kidogo kama kifungo cha koti. Kidude kilisoma sukari kila baada ya dakika chache na kupeleka namba kwenye simu ya Mwalimu. Simu ya Mwalimu ikaipeleka kwenye simu ya mkewe kwa mtandao. Nyumba yao ilikaa bondeni na mtandao wa kampuni za simu huko ulikuwa wa kubahatisha, kwa hiyo kila kitu kilitegemea kile kisanduku cha mtandao cha sebuleni. Mama Pindo akaiweka simu yake kando ya cherehani, akawa anaitupia jicho kila anapokata uzi. Basi akajiona amemaliza kazi.

Asubuhi moja ya Jumanne alikuwa akitia zipu kwenye sketi. Karakana yake ilikuwa nyuma ya nyumba, kuta za bati na paa la bati. Alitupia simu jicho: saba nukta nne. Namba nzuri. Akashona sketi ya pili, akatazama tena: saba nukta nne. Akashona ya tatu. Alipoiona saba nukta nne kwa mara ya nne kitu kikamgusa. Sukari ya mtu haikai palepale kama picha ukutani. Akainua simu, akasogeza miwani, akaona chini ya namba maandishi madogo ambayo hakuwahi kuyasoma: dakika hamsini na mbili zilizopita.

Akakimbia. Mkasi ulimdondoka mlangoni, kandambili moja ikabaki uani, na mwanamke ambaye hakuna jirani aliyewahi kumwona akiharakisha aliingia jikoni akiita, "Mwalimu! Mwalimu!" Hakuitikiwa.

Alimkuta chumbani, sakafuni kati ya kitanda na kabati, shati limelowa jasho kama lililotolewa kwenye beseni. Macho yalikuwa wazi lakini hayakumwona. Alipomshika bega, Mwalimu alimsukuma, akanung'unika kwamba wanafunzi wakae chini. Mama Pindo akamwegemeza kitandani, akahakikisha anameza, akamnywesha maji ya sukari kijiko kwa kijiko, na mengine yakamwagikia kifuani kwake mwenyewe. Robo saa nzima aliomba kwa sauti bila kujua anachoomba. Hatimaye Mwalimu akapepesa macho, akamtazama na kusema, "Mbona huna kiatu kimoja?"

Hapo ndipo alipolia.

Tangu siku hiyo hofu ilihamia ndani ya nyumba ile. Mama Pindo alikaa cherehani dakika tano, akaondoka, akaenda kumchungulia mumewe, akarudi, akakaa, akaondoka tena. Alishona mkono wa kulia mahali pa kushoto. Alishona mfuko ukafunga mdomo wote. Mwalimu akipiga chafya alishtuka. Mwalimu akinyamaza alishtuka zaidi.

Dada yake Mwalimu, mama mnene mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto, alipopata habari akafunga mizigo akaja kusaidia. "Wifi yangu, utakufa wewe kabla yake," alimwambia Mama Pindo siku ya kwanza tu.

"Wifi, nifanyeje? Namba iliniambia mzima, kumbe yuko chini. Nilikuwa nashona, wifi. Yeye anakufa, mimi nashona!"

Mama Pindo hakungoja ushauri. Alikwenda dukani, akarudi na kiboksi cheupe cha kuongeza nguvu ya mtandao. Dada mtu alikigeuzageuza, akasoma herufi zilizoandikwa ubavuni, WIFI, kisha akamwita kaka yake. "Njoo uone, mkeo ameletewa wifi mwingine kwenye boksi! Huyu hali, haongei. Mimi nirudi kwangu?"

Mwalimu alicheka mpaka akakohoa. Mama Pindo hakucheka. Alikwenda moja kwa moja karakanani, akakichomeka kiboksi kwenye soketi iliyo karibu kabisa na cherehani, kwa kuwa huko ndiko mtandao ulikokuwa ukikata. Kikawaka taa nyekundu, kikapepesa, kikatulia. Namba zikaanza kuja. Siku hiyo alishona saa mbili mfululizo bila kunyanyuka. Kesho yake, saa nne asubuhi, alisoma yale maandishi madogo akaona dakika thelathini na moja, akakimbia tena, roho mkononi. Alimkuta Mwalimu ameketi kitandani akijaza chemshabongo ya gazeti.

"Niko hai," Mwalimu alisema bila kuinua macho.

"Usifanye utani na jambo hilo!"

"Basi niko hai bila utani."

Wakamwita fundi wa mtandao. Alikuja mwanamke mfupi, mkavu, ngazi begani na mkoba wa waya mgongoni; kila mtu alimwita Nyaya. Aliingia karakanani, akaitazama ile taa nyekundu na kutikisa kichwa.

"Mama, nani alikwambia ukiweke huku?"

"Si huku ndiko hakuna mtandao?"

"Ndiyo sababu hakifai kukaa huku. Hiki hakitengenezi mtandao. Kinaupokea, kisha kinausukuma mbele. Watu wakipokezana ndoo za maji, yule wa katikati ukimweka mbali mpaka ndoo haimfikii, atampa nini mwenzake?"

Mama Pindo akaketi kwenye stuli. Siku zote hizo alikuwa amelinda maisha ya mumewe kwa ndoo tupu.

Nyaya akaanza kupita nyumba nzima na simu yake mkononi, hatua kwa hatua, akitaja alichokiona. Sebuleni, nguvu tele. Koridoni, sawa. Karibu na friji, imepungua, kwa sababu chuma hukinga mawimbi. Alipofika mlango wa chumba cha kulala alisimama, akaugonga ukuta kwa kiganja.

"Huu mbona mnene hivi?"

"Zamani ulikuwa ukuta wa nje," Mwalimu alieleza. "Chumba hiki tuliongeza baadaye."

"Basi hapa ndipo mzee anapopotea. Tatizo halikuwa karakanani peke yake. Akiingia humu akafunga mlango, simu yake haipeleki kitu. Na mama kule kwenye bati hapokei kitu. Mlikuwa mnapishana gizani, kila mtu anadhani mwenzake yupo."

Mama Pindo aliutazama mlango ule. Alikumbuka ni mara ngapi Mwalimu alikwenda kujilaza baada ya chakula na kusukuma mlango nyuma yake.

Nyaya alifanya kazi mpaka alasiri. Kile kiboksi cheupe alikitoa, akafunga seti mpya ya visanduku vitatu vinavyojuana: cha kwanza kando ya kile cha sebuleni, cha pili koridoni juu ya rafu, mbali na friji, mkabala na mlango wa chumbani, cha tatu kwenye dirisha la jikoni linalotazama karakana. Cha tatu alikihamisha mara nne, mara huku mara kule, mpaka kikakubali. Kwenye ukuta wa bati unaotazama jikoni aliwaambia waache dirisha la mbao wazi wakati wa kazi. Mwisho akaiwekea simu ya Mama Pindo mlio: namba ikishuka ipige kelele, na habari zisipofika kwa dakika ishirini ipige kelele vilevile.

"Kimya nacho kiwe na sauti," alisema.

Walipobaki peke yao, Mwalimu alikaa kwenye benchi la karakana. Alikuwa amenuna tangu mchana.

"Mmenifunga kamba mguuni kama kifaranga," alisema. "Nikienda huku mnajua. Nikila keki mnajua."

"Bora unune kuliko nikuzike."

Mwalimu aliokota kipande cha uzi, akakizungusha kidoleni. Kisha akasema, kwa sauti ambayo mkewe hakuizoea, "Siku ile nilikuwa nakusikia."

"Ulinisikia vipi?"

"Nikiwa pale chini. Si muda wote, vipande tu. Nilisikia cherehani yako. Nilitaka kukuita, ulimi ukagoma. Nikawa nawaza, kadiri inavyolia ndivyo haji. Ikinyamaza, anakuja. Nikaisubiri inyamaze." Akajifuta uso kwa mkono mzima. "Mimi huwa naogopa kulala, mke wangu. Sikutaka ujue. Nilidhani mmoja akiogopa anatosha."

Mama Pindo aliinuka kwenye stuli. Alihamia benchini, akaketi karibu yake mpaka mabega yakagusana.

Siku kumi na moja zilipita salama. Namba zilikuja na kuondoka, na yeye akajifunza kusoma kwanza maandishi madogo ndipo aitazame namba. Siku ya kumi na mbili, Alhamisi, saa tisa mchana, simu ilipiga ukelele ambao hakuwahi kuusikia nje ya majaribio. Tatu nukta mbili, mshale unaelekea chini. Dakika moja iliyopita.

Safari hii hakudondosha kitu. Alikwapua chupa ya juisi aliyokuwa akiiweka kando ya mashine, akavuka ua, akapita jikoni, akafika mlango wa chumbani, akausukuma. Haukufunguka. Mwalimu, aliyechoka kuchunguliwa kila dakika, alikuwa amejifungia kwa komeo.

"Mwalimu! Fungua!"

Ndani ilitoka sauti ya kuburuta maneno. "Saba mara nane... arobaini... arobaini na..."

Mtu aliyefundisha jedwali la kuzidisha miaka thelathini alikuwa hajui saba mara nane. Mama Pindo aliupiga mlango kwa bega, ukamrudisha. Aliupiga tena. Simu ikalia mkononi: mbili nukta nane.

"Fungua mlango, baba, nakuomba! Sogeza komeo!"

"Kaeni chini. Hakuna... hakuna kutoka nje."

Dada mtu alitokea koridoni, mikono imejaa povu la sabuni. Alimwona wifi yake amebandika shavu kwenye mlango, akasikia ile sauti ya ndani, akaelewa. Akavuta pumzi, akapaza sauti mpaka vyombo vya jikoni vikaitika:

"Mwalimu! Mkaguzi wa shule amefika! Yuko mlangoni! Anataka maandalio ya somo!"

Kimya. Mama Pindo alitega sikio kwenye mbao. Kisha ndani kiti kilisukumwa, miguu ikaburutwa, mkono ukapapasa mbao kwa muda ulioonekana hauishi. Komeo likateleza.

Mwalimu alisimama mlangoni, akiyumba, jasho linamchuruzika, kola ameinyoosha kwa heshima zote. "Karibu, mheshimiwa," alimwambia mkewe, na magoti yakamwisha. Wakamdaka wawili, wakamketisha, wakamshikia chupa mdomoni. Alikunywa. Mama Pindo alikodolea simu macho. Mbili nukta sita. Mbili nukta saba. Tatu nukta moja. Mshale ukalala, kisha ukainua kichwa. Dada mtu alikuwa amekaa sakafuni, povu limemkaukia mikononi, akicheka na kulia kwa pamoja.

"Mkaguzi gani?" Mwalimu aliuliza baadaye, alipoambiwa. Akatazama chini. "Saba mara nane ni hamsini na sita," alisema taratibu, kama mtu anayepapasa mfuko kuona kama ufunguo ungalimo.

Jioni hiyo, jua halijazama, alichukua bisibisi akaling'oa komeo mwenyewe, skrubu baada ya skrubu, hakutaka kusaidiwa. Wiki hiyo walikwenda kliniki na daktari akampunguzia dozi ya mchana.

Hofu haikuondoka. Mama Pindo mwenyewe hukiri hivyo kwa wateja wake: bado hushtuka, bado kuna siku huacha sindano katikati ya mshono akaenda kuchungulia ingawa namba ni nzuri na dakika ni moja. Ila sasa anashona mikono mahali pake.

Jumatatu iliyofuata Nyaya alipigiwa simu. Alidhani ni Mama Pindo, lakini ilikuwa sauti ya mzee.

"Fundi, shikamoo zako nitazipokea baadaye. Nimepita na simu nyumba nzima kama ulivyofanya wewe. Bafuni mtandao haufiki vizuri, na mimi huoga muda mrefu. Unaweza kuja kesho?"