Wenye Mti

Shemeji yangu Silvanus alikuwa mtu wa kuudhi. Ukimpelekea chai msituni, hakuigusa. Kwanza alimega tonge dogo la ugali, akaliweka kwenye jani chini ya mti, akachuchumaa kuangalia ni chungu gani, katika sisimizi wa hapo, atakayefika kwanza. Chai ilipoa nami nimesimama na birika mkononi.

"Ngoja kidogo, Wakesho," alisema. "Wale wadogo ndio wa kwanza. Mbio wanazo, nguvu hawana."

Na kweli wadogo walifika, wakabeba walichowahi. Halafu wakaja wenye vichwa vikubwa, wakawatimua. Jua lilipokuwa kali hao nao walirudi shimoni, wakatokea wengine wembamba wa miguu mirefu kuokota mabaki. Nilimwambia sisi wauza mboga wa soko la Voi tuko vivyo hivyo.

"Hawa hawapendani," alisema. "Lakini msitu unawatosha wote, kwa sababu kila mmoja anajua saa yake, na anajua mahali atakapopigwa."

Alikuwa mrina asali wa Ronge, huku milimani juu ya Voi, mume wa dada yangu Tryphena. Ujanani alikata mkonge upande wa Voi. Mwaka wa Uhuru alirudi na panga moja na kifua kibovu, akaapa hatafanya kazi tena mahali ambapo mmea ni mmoja tu hadi macho yanapoishia. Miaka miwili baadaye alikuwa na mizinga kumi na miwili msituni.

Hakuchagua mti kwa urefu wala kwa kivuli. Alitafuta mti wenye chungu wadogo weusi, wale wanaoinua mkia ukiwagusa. Aliwaita wenye mti. Kabla ya kutundika mzinga aliwapakia asali kidogo kwenye shina, wakamng'ata, akawatukana, lakini hakuua hata mmoja. Sababu ilikuwa siafu. Siafu humaliza mzinga kwa siku moja, ila mti wenye wenyewe huupita, maana wale wadogo huziba shina kwa maelfu na kutoa harufu mbaya. Nyuki na wenye mti hawakusumbuana.

Mwaka wa sabini na moja ikaja amri ya serikali. Msitu wa upande wa juu ukakatwa, ikapandwa misonobari kwa mistari. Nyuki wakahama mzinga baada ya mzinga. Kufikia sabini na nane lilibaki kundi moja, kwenye mkuyu karibu na kijito. Mizinga kumi na mmoja mitupu ilijaa chumbani kwa dada, na dada alilalamika kila siku.

"Iache," Silvanus alimwambia. "Hili moja likigawanyika, itajaa tena."

Hakuwa na tumaini lingine, na sote tulijua.

Mwaka uliofuata, kabla ya masika, akaanguka na kuvunjika mguu. Kitandani hospitalini aliniomba jambo moja.

"Nenda uangalie kama nyuki wanaingia na kutoka. Usifanye kitu kingine, shemeji. Uangalie tu."

Nilienda. Nyuki walikuwa wazima. Lakini chungu walikuwa wamejaa shina zima mpaka chini ya mzinga, na mmoja akaniingia shingoni akaning'ata. Mimi nikiona uchafu, mkono unawasha. Nikajiambia huyu mzee hata kusafisha mti wake hawezi, nitamsaidia. Alhamisi, siku ya soko, nilinunua Voi pakiti ya dawa ya unga ya kuua wadudu. Nikauzungushia mkuyu, nikapaka shina mpaka mkono ulipofika. Baada ya siku mbili hapakuwa na chungu hata mmoja. Nilifurahi, Mungu anisamehe. Nilienda nyumbani nikiimba.

Mvua ikanyesha siku nne, ikaosha dawa yote. Siku ya Jumanne, wiki ya pili, jirani yetu Danson alikuja kuniita mbio. Tulipofika, siafu walikuwa wanapanda mkuyu kwa msafara mnene kama mkono wangu. Tulileta majivu, tukaleta moto, tukaungua sisi. Nyuki walinguruma hadi adhuhuri, kisha kukawa kimya. Siafu wakashuka wamebeba watoto wa nyuki, weupe, mmoja mmoja.

Nilienda hospitalini kumwambia Silvanus mimi mwenyewe, sikumtuma mtu. Aliuliza swali moja tu.

"Wenye mti walikuwa wapi?"

Nilipomjibu aligeukia ukutani. Sijawahi kuona aibu kama ile.

Aliporudi nyumbani na mkongojo nilimwomba anifanyie kutasa. Ni desturi ya wazee wetu: mwenye hasira hutia maji kinywani, huyapuliza nje na kusema maneno mema, ili hasira isimdhuru mtu. Sisi ni watu wa kanisa, lakini nilikuwa naogopa. Alichukua kikombe, akapuliza maji mlangoni.

"Wakesho aishi. Biashara yake iende vizuri." Akafuta mdomo. "Hasira imekwisha, shemeji. Nyuki pia wamekwisha."

Aliishi miaka saba zaidi. Dada alichoma mizinga mmoja baada ya mwingine kupikia. Baadhi ya asubuhi alijikokota hadi kwenye mkuyu akaweka ugali wake kwenye jani.

Mara ya mwisho nilimfuata hapo na birika langu. Juu ya jani walikuwepo chungu wa rangi ya kahawia, wale wanaoingia jikoni, wa aina moja tu. Jua likawa kali, wakabaki wale wale.

"Tungoje?" nikamuuliza.

"Nani?" alisema. "Hakuna wa kuwafukuza."

Akanyoosha mkono, akaichukua chai, akainywa ikiwa bado moto.