Mikono Ndani ya Joho

Minna Teitelman alikuwa na vidole vyeusi tangu siku niliyomjua. Wino uliingia chini ya kucha ukahamia huko moja kwa moja, na ndani ya treni ya kwenda Bronx watu walimpisha wakidhani anauza makaa. Meza yake ilikuwa kando ya yangu, ghorofa ya tatu, Manhattan, miaka ile ya vita, katika ofisi iliyotoa jarida la katuni la Mtu wa Mnara, shujaa wa joho refu aliyeruka kutoka paa hadi paa.

Kazi ilikuwa ya watu watatu. Lou Garfinkel alichora kwa penseli. Mimi niliandika maneno. Kisha Minna alipita juu ya mistari ya Lou kwa brashi na wino, na wino ukikauka alichukua raba akaifuta penseli yote. Jina la mchoraji lililochapwa mbele halikuwa la mtu yeyote. Mwenye kampuni alilibuni, ili mchoraji akiondoka msomaji asishtuke.

Lou alikuwa fundi wa kila kitu isipokuwa mikono. Vidole alivyochora vilitoka kama ndizi. Kwa hiyo Mtu wa Mnara alitembea miaka miwili mikono ikiwa ndani ya joho.

"Lou," mhariri wetu, Bwana Krantz, alimwambia, "huyo shujaa wako anasikia baridi?"

"Anatunza ngozi, bosi."

"Mwambie autoe japo mmoja. Watoto wanalipa senti kumi."

"Kwa senti kumi wanapata kiwiko."

Lou alipoitwa jeshini, alituma kurasa kwa posta kutoka kambini. Mama yake, mjane, hakuweza kusoma Kiingereza, lakini alinunua kila toleo akatazama picha. Kila mwezi alitupigia simu kutoka duka la dawa la mtaani kwake.

"Lou kaleta kazi?"

"Kaleta, Mama Lou."

Basi, anakata simu. Hakutaka zaidi ya hapo.

Kisha kikosi cha Lou kikavushwa kwenda Ulaya. Kurasa zikakoma, na barua zikakoma. Krantz akampa Minna penseli. "Chora kama yeye. Asijue mtu."

Simu ilipolia mwezi ule, Minna aliiwahi.

"Kaleta, Mama Lou," akasema, na hakunitazama.

Alisema hivyo miezi minne.

"Utamwambia lini?" nilimuuliza.

"Wewe andika maneno yako, Sal."

"Siku akigundua, je?"

"Siku akigundua, atakuwa amelala usingizi miezi minne. Mie nataka alale tu."

Toleo la Februari lilikuwa na mtoto aliyening'inia kwenye ukingo wa dirisha la ghorofa ya kumi. Ilibidi Mtu wa Mnara amdake, na joho halidaki mtoto. Minna akachora mikono miwili iliyofunguka, kila kidole mahali pake, kiganja chini ya kisogo cha mtoto kama anavyobebwa mtoto mchanga. Niliiona kabla haijaenda kwa mpiga chapa. Nilijua ni kosa. Nikanyamaza, kwa sababu ilikuwa nzuri.

Safari hiyo Mama Lou hakupiga simu. Alipanda ngazi hadi ghorofa yetu ya tatu, theluji mabegani, akaliweka jarida juu ya meza ya Minna, limefunuliwa.

"Mikono hii ya nani?"

Minna akaweka brashi chini.

"Nimemzaa mimi. Alianza kuchora kwenye mifuko ya sukari akiwa na miaka minne. Mwanangu hajui kuchora mkono."

"Labda kajifunza huko, Mama," nikasema.

"Wewe nyamaza. Sikukuuliza."

"Ni yangu, Mama," Minna akasema.

"Na toleo la Januari?"

"Langu."

"Desemba?"

Wakarudi nyuma hivyo, mwezi baada ya mwezi, hadi Septemba. "Hilo ni la Lou," Minna akasema. Mama Lou akavuta kiti akakaa.

"Kwa hiyo tangu hapo nilikuwa nakutazama wewe."

"Hata kabla ya hapo. Unachokiona siku zote ni wino wangu, Mama. Penseli yake inakuwa chini. Naifuta."

"Unamfuta mwanangu?"

"Ndiyo kazi yangu," Minna akasema.

Akavuta droo. Akatoa karatasi moja, imelala katikati ya mbao mbili nyembamba. "Huu ndio ukurasa wa mwisho alioutuma. Nilishindwa kuufuta. Nikauhamishia kwenye karatasi nyingine, nikatia wino ile ya pili."

Mtu wa Mnara alisimama pale juu ya paa, kijivu, mwepesi, kama pumzi kwenye kioo. Pale penye mikono, karatasi ilikuwa imesuguliwa kwa raba mpaka ikaota manyoya, kisha joho likachorwa juu yake. Mama Lou akapagusa kwa ncha ya kidole.

"Hapa alijaribu," akasema. "Kajaribu mara nyingi."

"Mara nyingi sana, Mama."

Mama Lou akaifunika ile karatasi kwa mbao zake, akaishika kifuani.

"Jeshi halijaniletea habari. Si nzuri, si mbaya. Mimi nitangoja. Lakini usiniambie tena kaleta. Kama hakuna, sema hakuna. Nitaweza."

"Ndiyo, Mama."

"Na Ijumaa uje ule supu, umekonda. Huyu naye aje. Ila asiongee."

Tulikwenda, Ijumaa ile na nyingine nyingi. Machi simu ililia, na Minna akaishika kwa mikono miwili.

"Lou kaleta kazi?"

"Hapana, Mama. Bado."



"Haya. Ukija upitie karoti. Zimeniishia."